Mkono wa kushoto unapodanganya

Kuna mchezo ambao karibu kila mpiga kodiani anaujua. Akitaka "ya Kirusi" anaanza polepole, anaongeza mwendo, anaongeza tena, mguu unagonga sakafu, watu wanapiga makofi, mwisho anapaza "hei!" na kufunga. Akitaka "ya Kichina" anahamia kwenye vibao vyeusi peke yake, anadonoadonoa huko juu kwenye sauti nyembamba, anatabasamu, kwisha. Dakika sita, nchi mbili kubwa zimemalizwa.

Nimekaa kama miezi miwili nikisikiliza rekodi za kodiani ya piano, ile yenye vibao vyeupe na vyeusi upande wa kulia, ikibeba muziki wa China na wa Urusi. Wapigaji wengi ni hodari, wana vidole ambavyo mimi nisingevipata hata nikizaliwa mara mbili. Lakini mara nyingi nilibaki kama mtu aliyealikwa karamuni akaonyeshwa picha ya chakula. Nilidhani tatizo ni uchaguzi wa nyimbo, maana wengi wanarudia zilezile tano. Baadaye nikaanza kufunga sikio upande wa vibao na kusikiliza upande wa pili, nikaona kosa liko wapi. Liko mkono wa kushoto.

Tukitazame kwanza chombo chenyewe. Kodiani ya piano ya ukubwa kamili huwa na vibao 41 kulia na vitufe 120 kushoto, na katikati kuna mivukuto. Hewa ya mivukuto inatikisa ndimi ndogo za chuma, sauti inatoka. Kulia unapiga noti mojamoja kama kwenye piano. Kushoto mambo ni mengine. Vitufe vimepangwa safu sita. Mbili za kwanza ni besi, noti mojamoja. Nne zinazobaki ni noti ambazo zimekwisha kufungwa pamoja kiwandani: kitufe kimoja kinakupa fungu zima la meja, kingine la maina, kingine la saba, kingine lile la mashaka linaloitwa diminishi. Mpangilio huo unaitwa Stradella, kwa jina la mji mmoja wa Italia. Ni kama chakula cha kufungasha. Kinapatikana haraka, kinashibisha, ila chumvi ameshaitia mtu mwingine.

Nianze na Urusi, maana huko ndiko mkono wa kushoto unakopata sifa za bure. Nyimbo za Kirusi zilizozunguka dunia, za mijini za karne ya 19 na zile za redio ya Kisovieti, zimejengwa kwa mafungu yaleyale ambayo kiwanda kimeyafunga. Kitufe cha maina hapa, cha saba pale, umerudi nyumbani. Wimbo na mashine wanaelewana kama majirani wa siku nyingi, ndiyo maana hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kukupigia "Ochi chyornye" ukaamini umefika Moscow. Ila ukiufuatilia wimbo huo unakuta maneno ni ya Yevhen Hrebinka, mshairi kutoka Ukraine, yaliyochapishwa 1843, na tuni inahusishwa na waltz ya mtu aitwaye Florian Hermann, jina ambalo hata ukilisoma gizani si la Moscow. Umekuwa wa Kirusi kwa kuimbwa, hasa na waimbaji wa Kiroma. Siutaji ukoo wake ili kuupokonya uraia. Nasema tu kwamba ule "moyo wa Kirusi" ambao wapigaji wanautafuta kwa kukunja uso haukuandikwa kwenye noti. Waimbaji ndio walioutia, kwa namna walivyovuta pumzi.

Halafu kuna hili. Kodiani yenye vibao vya piano sicho chombo ambacho Warusi hukitaja kwanza wakitaja cha kwao. Wana garmon, kile kidogo cha vijijini, na wana bayan, yenye vitufe pande zote mbili. Bayan imepewa jina la Boyan, mtambaji anayetajwa katika utenzi wa kale wa Igor, na aliyeitengeneza ni fundi Pyotr Sterligov, 1907. Yenye vibao wao wanaiita akkordeon, neno tofauti kabisa, na sikio linaona tofauti hiyo. Sauti ya bayan imenyooka, imesimama wima. Kodiani nyingi za piano zina rejista ambamo ndimi mbili zimepishanishwa kidogo makusudi ili sauti itetemeke, ile sauti tunayoijua kutoka filamu za mikahawa ya Paris. Sasa chukua "Odinokaya garmon" ya Boris Mokrousov, wimbo wa mara tu baada ya vita, unaohusu garmon inayozunguka peke yake mtaani usiku. Mpigaji akisahau kubonyeza swichi moja ya rejista, garmon hiyo imeshahamia Ufaransa bila pasipoti. Nimesikia rekodi tatu za namna hiyo. Katika moja, walioandika maoni chini walimsifu kwa kuleta "harufu ya Siberia". Jamani.

Wimbo unaoonewa kuliko yote ni "Podmoskovnye vechera", jioni za viunga vya Moscow. Muziki ni wa Vasily Solovyov-Sedoi, maneno ya Mikhail Matusovsky. Uliingia katika filamu ya habari za mashindano ya michezo ya 1956, akauimba Vladimir Troshin, na mwaka uliofuata, tamasha la vijana wa dunia lilipofanyika Moscow, ukasambaa kila mahali. Maneno yake yanahusu utulivu: usiku ambapo karibu hakuna kinachotikisika na watu wawili wanaogopa kusema kilichomo moyoni. Kwenye kodiani unapigwa bum-chaka, bum-chaka, kama gari la matangazo ya mnada. Besi, fungu, besi, fungu. Wale wawili hata wangetaka kuambiana kitu wasingesikilizana.

Rekodi ya wimbo huo iliyonishika ni ya simu, imepigwa bustanini katika mji mmoja wa China. Mzee amekaa kwenye benchi, kodiani imemfunika kifua chote, nyuma yake kuna wenzake wanaimba kwa Kichina. Mkono wake wa kushoto haufanyi karibu lolote. Anabonyeza besi moja, anaiacha ikae, na mivukuto inafunguka taratibu kwa urefu wa mstari mzima wa wimbo, kisha inarudi kwa mstari unaofuata. Anapumua pamoja na waimbaji. Vidole vya kulia vinakosea mara mbili hivi. Sikujali hata kidogo.

Kwa nini Mchina auelewe wimbo wa Moscow hivyo? Hakuna muujiza. Mfasiri Xue Fan aliutia katika Kichina 1957, wakati dola hizo mbili zilikuwa bado zinaitana ndugu, na vijana wa China wakauchukua ukawa wao. Miaka michache baadaye wakubwa waligombana, urafiki ukafa, na yalipokuja Mapinduzi ya Utamaduni mwaka 1966 wimbo wa Kisovieti ukawa kitu cha kuimbwa chinichini. Kwa hiyo mzee yule bustanini hatalii Urusi. Anapiga ujana wake mwenyewe, pamoja na ile miaka ambayo haukuimbwa kwa sauti. Anayepanga onyesho la "nyimbo za China na Urusi" kana kwamba anapanga vyakula vya nchi mbili mezani, hajui kwamba vyakula hivyo vilishapikwa chungu kimoja.

Na miaka hiyohiyo ya Mapinduzi ya Utamaduni ndiyo iliyoisukuma kodiani ya piano ndani ya China kuliko mahali pengi. Piano ilikuwa nzito, na ilikuwa na harufu ya matajiri. Kodiani unaibeba begani, unakwenda nayo shambani, kambini, kiwandani, na inatosha kusindikiza kwaya nzima. Vikundi vya sanaa vya uenezi vilihitaji mpigaji, na kwa kijana aliyepelekwa kulima vijijini, kujua kodiani kuliweza kuwa njia ya kutoka kwenye jembe na kuingia kwenye kikundi. Tianjin walikuwa wakitengeneza kodiani za chapa ya Kasuku. Repertua ya enzi hiyo imejaa askari wanaofurahi na farasi wanaokimbia, kwa mfano wapiganaji wa kike wenye furaha kutoka kwenye ngoma ya jukwaani "Kikosi Chekundu cha Wanawake". Leo unawakuta wapigaji wa Ulaya wanaipiga kama kichekesho kitamu cha haraka. Sidai waache kuipiga. Ni muziki uliotengenezwa vizuri, na mtu aliyeupiga akiwa na miaka 17 ili apate kuondoka kijijini ana haki ya kuupenda. Ninachokataa ni tabasamu lile la mpigaji asiyejua kwamba furaha hiyo ilikuwa amri.

Sasa turudi kwenye vitufe, maana China ndiko mkono wa kushoto unakodanganya waziwazi.

Aliyepita kwaya ya kanisani akasoma do-re-mi ataniona mara moja. Sehemu kubwa ya tuni za Kichina imejengwa juu ya noti tano: do, re, mi, so, la. Fa na ti, zikija, huja kama wapita njia. Ndiyo maana vile vibao vyeusi vinatoa "Uchina" wa haraka, kwa sababu navyo ni vitano na vinafuata nafasi hizohizo. Basi mkono wa kulia unapiga "Mo li hua", ule wimbo wa ua la yasmini ambao Puccini aliutia katika opera yake ya Turandot, na mkono wa kushoto, kwa mazoea, unabonyeza fungu la saba kila mstari unapokaribia kuisha. Ndani ya kitufe hicho kuna nini? So, ti na fa. Zile noti mbili ambazo wimbo umezikwepa zimeingizwa kwa mlango wa nyuma, na tena ti ndiyo noti inayovuta kwenda do kwa nguvu, inayosema "tumekaribia nyumbani, jiandaeni". Wimbo wenyewe haukusema hivyo. Ulikuwa unatembea tu kandokando ya maji, wala haukuwa na haraka ya kufika. Kwa hiyo unapata sentensi ya Kichina iliyowekewa nukta za Kijerumani. Msikilizaji anahisi kitu kitamu na cha kawaida, anapiga makofi, na hajui kwamba ameusikia muziki aliokuwa akiujua tayari.

Dawa ipo, na kinachoniudhi ni kwamba ipo ndani ya mashine ileile. Katika safu ya besi, kila kitufe na jirani yake wamepishana kwa nafasi ya do na so. Bonyeza wawili hao pamoja, unapata sauti pana, tupu, isiyo meja wala maina. Haina fa, haina ti, haimsukumi mtu popote. Na sauti hiyo, do na so, re na la, ndiyo ambayo sheng imekuwa ikiitumia kwa karne nyingi. Sheng ni chombo cha Kichina cha kupuliza, fungu la mianzi iliyosimama kwenye bakuli, na ndani ya kila mwanzi uliokusudiwa kulia kuna ulimi mdogo unaotikiswa na hewa. Naam, ulimi wa aina ileile iliyo ndani ya kodiani.

Hapo inabidi nisimame kidogo maana naipenda hadithi hii. Mmisionari Mjesuiti Joseph Amiot alituma sheng kutoka Beijing hadi Paris katika miaka ya 1770. Miaka hiyohiyo Christian Gottlieb Kratzenstein alikuwa akitengeneza mirija ya kuigiza irabu za binadamu kwa ndimi za namna hiyo, na 1780 kazi hiyo ikampatia tuzo ya Chuo cha Sayansi cha St Petersburg. Wanahistoria wengi wanaiona sheng kama chanzo, au walau kichocheo, cha vyombo vya Ulaya vya ukoo huo. Cyrill Demian akasajili kodiani yake Vienna 1829. Yaani chombo hiki kikitoka Ulaya kwenda China kinakwenda kumsalimia bibi yake, na huko njiani ukoo ulishapita Urusi. Wachina wanakiita shoufengqin, kinanda cha upepo cha mkononi. Na bado mpigaji anafika kwa bibi na kuanza kumfundisha kuongea.

Noti zinazoteleza ni mtihani mgumu zaidi. Wuxi, kwenye kilima cha Huishan, kuna chemchemi inayoitwa ya pili kwa ubora chini ya mbingu. Abing, mpigaji kipofu wa mitaani, alikuwa na tuni ya erhu ambayo imebeba jina la chemchemi hiyo, "Erquan yingyue", na mwaka 1950, miezi michache kabla ya kufa kwake, mtafiti Yang Yinliu aliwahi kuirekodi. Erhu ina nyuzi mbili tu na haina ubao wa kukandamizia vidole. Kidole kinateleza hewani, na uchungu wote wa tuni ile umo katika kuteleza huko, kati ya noti na noti. Kodiani ina vibao. Kati ya kibao na kibao hakuna kitu.

Msikilizaji wa taarab analielewa tatizo hili bila maelezo mengi. Kodiani ya Unguja imekaa miaka mingi katikati ya udi, ganuni na fidla, vyombo vinavyoweza kufika kwenye sauti ambazo vibao havina. Misri waliamua kuzichonga upya ndimi za kodiani ili zitoe robo sauti. Wengine walibaki na vibao vilevile wakazizunguka sauti zilizokosekana kwa madoido ya haraka, wakaiacha fidla imalizie. Njia zote mbili ni za heshima kwa sababu zote zimekubali kwamba kuna kitu kinakosekana.

Wanaopiga "Erquan yingyue" kwenye kodiani mara nyingi hawajakubali. Wanajaza. Kila pengo linawekewa noti tatu za mapambo, na chini yake mkono wa kushoto unatandika mafungu mazito ya maina ili tujue kwamba ni huzuni. Mmoja tu katika niliowasikiliza alifanya kinyume. Aliacha vitufe vyote vya mafungu. Alishika besi mbili jirani, na kwenye noti ndefu alikuwa akibonyeza kibao nusu huku akivuta mivukuto kwa nguvu, hadi sauti ikazama kidogo chini ya nafasi yake kisha ikapanda. Hilo linawezekana kwenye ndimi za sauti nene, na kwa umbali mfupi sana. Haikuwa erhu, wala hakujifanya. Lakini nilisikia mtu anajitahidi kuifikia sauti asiyoweza kuifikia, na nadhani Abing angeigeuzia shingo.

Kilima hichohicho cha Huishan ni maarufu pia kwa vinyago vya udongo, vidogo, vya rangi nyingi, watoto wanene wa mashavu mekundu. Mtunzi Li Yuqiu alivitungia kodiani mfululizo wa vipande vifupi. Hapa kukosa kuteleza hakumsumbui mtu. Vinyago vina kingo. Mkato wa kibao unakuwa mkato wa kisu cha mfinyanzi, na mkono wa kushoto una kazi yake mwenyewe badala ya kusindikiza. Nashangaa kwa nini kazi hii haipigwi zaidi nje ya China, wakati "Mo li hua" inaombwa kila siku. Ni uvivu wetu sisi wasikilizaji, si wao.

Kwa upande wa Urusi kazi ninayoiweka pembeni yake ni "De profundis" ya Sofia Gubaidulina, ya 1978, aliyomwandikia mpiga bayan Friedrich Lips. Gubaidulina, aliyefariki Machi 2025, baba yake alikuwa Mtatari, na jina la zaburi ni la Kilatini, kwa hiyo wanaotafuta Urusi ya kofia za manyoya watatoka mikono mitupu. Kazi inaanzia chini kabisa, kwenye mngurumo, na inapanda kwa taabu. Kuna mahali ambapo noti hazipo, ni hewa tu inayopita kwenye mivukuto. Nilipoisikia mara ya kwanza kwenye vipokea sauti nilivivua, nikidhani kuna mtu nyuma yangu.

Kwenye kodiani ya piano kazi hii ni mateso. Kwanza unahitaji yenye besi huru, isiyo na mafungu ya kiwandani. Pili, vitufe vya bayan viko karibukaribu, mkono mmoja unafika mbali. Vibao ni vipana, na baadhi ya mashada ya noti hayashikiki bila kupunguzwa. Wapo wanaojaribu, na wanapunguza. Sioni aibu katika hilo. Wakipunguza noti na kuziacha pumzi zote, kazi inabaki hai. Nimesikia pia kinyume chake, noti karibu zote zipo na pumzi zimeharakishwa kama mtu anayeona haya kukohoa mbele za watu, na zikaniishia dakika kumi na kitu bila kunigusa.

Ningetaka kusikia jioni moja iliyopangwa hivi. Sheng peke yake kwanza. Kisha "Mo li hua" kwenye kodiani, kwa besi mbili jirani, hakuna kitufe cha saba. Vinyago vya Huishan vyote. Mapumziko, chai. Halafu "Podmoskovnye vechera" mara mbili, mara ya kwanza kwa Kirusi na mara ya pili kwa Kichina cha Xue Fan, taratibu, bila bum-chaka. Mwisho Gubaidulina, na taa zisiwashwe upesi. Atakayeiandaa anijulishe, tiketi nitanunua mwenyewe.